Kubana Diski za Video za Nyumbani bila Kupoteza Sauti na Sura

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi wa kompyuta, lakini kwa kweli linatugusa sana sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili. Jambo lenyewe ni namna ya kuzihamisha video zilizomo katika diski za DVD na VCD za nyumbani, yaani za harusi, mahari, maulidi, mahafali na misiba, ziwe faili ndogo zinazoweza kuhifadhiwa, kutumwa na kuonyeshwa darasani, huku ubora wake ukibaki. Mifano yangu nimeitoa Rumonge, mji wa pwani ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Huko ndiko nilikokulia, na huko ndiko nilikojifunza somo hili kwa gharama.

Kwa wasioufahamu mji huu, Rumonge ni mji wa wavuvi, wa mawese na wa bandari. Mwaka 2015 ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo, na katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umeingia katika mkoa wa Burunga. Kiswahili husikika sokoni, bandarini, misikitini na majumbani, kama kinavyosikika Buyenzi mjini Bujumbura. Sababu zake ni nyingi. Biashara ya ziwani imewaunganisha watu wa Rumonge na wenzao wa Kigoma, Uvira, Baraka na Kalemie. Aidha, watu wengi wa kusini mwa Burundi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, wakaishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadhi yao walirejea miaka mingi baadaye, hasa mwaka 2008 na 2009, na watoto wao walirudi na Kiswahili walichosomea shuleni.

Watu hawa wote waliona, na waliozaa nao waliona tena, na sherehe zao zilirekodiwa. Kuanzia miaka ya 2000 hakukuwa na harusi ya maana isiyokuwa na mpiga video. Matokeo yake ni kwamba makabatini na chini ya vitanda vya watu wa pwani yetu kumelala hazina ya Kiswahili cha mazungumzo ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuikusanya: nasaha za mashangazi, hotuba za washenga, utani wa mabinamu, dua za mashehe. Hazina hiyo iko ndani ya plastiki inayochakaa.

Kisa kilichonifunza

Mwaka 2006 binamu yangu aliolewa Rumonge. Katika harusi hiyo bibi yetu, mama wa baba, alisimama akampa bwana harusi nasaha kwa muda usiopungua dakika kumi. Alizungumza Kiswahili cha ziwani, kilichochanganyika na Kirundi pale alipotaka kukemea. Bibi alifariki miaka michache baadaye. Hakuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Nilipoanza kufundisha nilitaka kuitumia hotuba ile katika somo la lahaja. Nilimpigia shangazi simu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Unataka ile diski? Mbona tulishaitia kwenye simu zamani! Kijana wa studio alituwekea, akasema sasa ile diski haina kazi. Watoto wakaichezea.”

Nilitumiwa hiyo video ya simu. Ilikuwa imebanwa kwa ajili ya simu ndogo za wakati ule, katika faili la aina ya 3GP, picha ikiwa na upana wa pikseli 176 na urefu wa pikseli 144. Uso wa bibi ulikuwa vipande vya mraba vitano au sita vya rangi ya kahawia. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyezungumzia ndani ya mtungi. Niliwachezea wanafunzi, na hakuna aliyeweza kuandika sentensi tatu mfululizo.

Hesabu inaonyesha kilichotokea. Picha ya DVD ya kwetu ina pikseli 720 kwa 576, yaani pikseli 414,720. Picha ile ya simu ilikuwa na pikseli 25,344. Kati ya kila pikseli kumi na sita, kumi na tano zilitupwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwa video iliyobanwa ndivyo ilivyo. Unaweza kulikuza faili bovu hadi lijae ukutani, lakini kilichotupwa hakirudi.

Kilichotuokoa ni undugu. Mama mdogo aliyeolewa Kigoma alikuwa amepewa nakala yake ya diski siku ileile ya harusi, naye hakuitia kwenye simu. Ilisafiri kwa boti hadi kwetu ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Kuanzia hapo niliamua kujifunza kazi hii vizuri.

DVD ina nini ndani?

Ukiifungua DVD ya harusi katika kompyuta utaona folda inayoitwa VIDEO_TS. Ndani yake mna faili za aina tatu. Zenye mwisho wa VOB ndizo zilizobeba picha na sauti. Kila moja haizidi GB 1, ndiyo maana harusi moja hukatwa vipande vinne au vitano. Zenye mwisho wa IFO hueleza mpangilio, yaani kipi kinaanza na kipi kinafuata. Zenye mwisho wa BUP ni nakala za akiba za IFO.

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba GB 4.7. Picha zake zimebanwa kwa mfumo wa MPEG-2, ambao ni wa miaka ya 1990. Kwa hiyo msomaji aelewe kwamba DVD yenyewe tayari ni video iliyobanwa. Video yetu ya PAL yenye picha 25 kwa sekunde, kama isingebanwa hata kidogo, ingehitaji takriban GB 56 kwa kila saa moja. DVD yenye saa mbili huibana ifikie kama GB 2.35 kwa saa.

VCD, ambazo zilienea sana Afrika Mashariki kabla ya DVD kuwa rahisi, ni jambo jingine. Hutumia mfumo wa zamani zaidi wa MPEG-1, picha yake ni pikseli 352 kwa 288, na diski moja hubeba kama saa moja na robo tu. Faili lake liko katika folda ya MPEGAV na mwisho wake ni DAT. Ushauri wangu ni kwamba VCD usiibane tena. Imeshabanwa kiasi cha kutosha. Linakili faili la DAT lilivyo katika kompyuta. Programu ya VLC italicheza bila matatizo.

Kubana ni kufanya nini?

Mwalimu anayeita majina darasani kila asubuhi haandiki upya majina ya wanafunzi wote. Majina ameshayaandika mwanzoni mwa mwezi. Kila siku anaweka alama tu za waliokuwapo na wasiokuwapo. Video iliyobanwa hufanya kazi kwa namna hiyo. Picha moja huhifadhiwa nzima. Picha zinazofuata huhifadhi mabadiliko tu: mkono umesogea hapa, mdomo umefunguka pale. Baada ya muda huwekwa tena picha nzima, na mzunguko unaendelea.

Ubanaji wa pili hufanyika ndani ya picha yenyewe. Picha hugawanywa katika miraba midogo, na katika kila mraba kompyuta huacha vitu vidogo ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuvitambua kwa urahisi. Ukizidisha kuacha, ndipo miraba yenyewe inapoonekana, kama ilivyokuwa katika uso wa bibi.

Kutokana na maelezo haya tunaweza kutabiri ni video gani itabanika na ipi itakataa. Mzee aliyekaa kwenye kiti mbele ya ukuta mweupe anabanika sana, kwa sababu kinachobadilika ni mdomo na mikono tu. Lakini mpeleke mzee huyohuyo ufukweni, nyuma yake ziwa likitikisika na jua likimetameta juu ya kila wimbi, na pembeni makuti ya michikichi yakipepea: sasa karibu kila mraba wa picha unabadilika kila wakati. Hali ni hiyohiyo kwa wapiga ngoma wanaoruka, kwa vitenge vyenye maua madogomadogo vinavyocheza, na kwa mchele unaorushwa juu ya maharusi. Sehemu hizo zinahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko hotuba.

Hili ni jambo muhimu, maana ndilo linaloamua namna ya kuiagiza kompyuta. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiambia kompyuta ukubwa unaotaka. Kanuni yake ni rahisi: jumla ya kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8,000, utapata ukubwa kwa MB. Harusi ya dakika 90 ina sekunde 5,400. Ukiipa picha kilobiti 1,500 na sauti kilobiti 128, utapata 1,628 × 5,400 ÷ 8,000, yaani takriban MB 1,100. Miaka ya 2000 watu wengi walitumia njia hii kwa sababu walitaka filamu nzima iingie katika CD moja ya MB 700.

Njia ya pili ni kuiambia kompyuta ubora unaotaka, kisha kuiacha igawe nafasi yenyewe: kidogo kwa mzee aliyekaa, kingi kwa ngoma. Hutajua ukubwa wa faili hadi kazi iishe, lakini hutapata harusi ambayo hotuba ni safi na ngoma ni ukungu. Kwa kuhifadhi kumbukumbu, njia hii ya pili ndiyo bora.

Hatua kwa hatua

Programu ninayoitumia inaitwa HandBrake. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2003 na Eric Petit, na inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Utahitaji pia kisomea-diski. Kompyuta nyingi za mkononi za siku hizi hazina, kwa hiyo tafuta cha nje kinachochomekwa kwa USB. Kiazimeni kwa zamu kama kimoja tu ndicho kilichopo idarani.

1. Safisha diski. Tumia kitambaa laini cha pamba na maji safi kidogo. Futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huharibu data nyingi za mfululizo, na kisomea-diski hushindwa kuzifidia.

2. Nakili diski nzima kwanza. Usianze kubana moja kwa moja kutoka kwenye diski. Nakili folda yote ya VIDEO_TS iwe katika kompyuta. Diski ikigoma mahali fulani, jaribu kisomea-diski kingine, maana mara nyingi diski inayokataliwa na kimoja hukubaliwa na kingine. Kwa diski mbovu zaidi kuna programu ya bure inayoitwa ddrescue. Hiyo huchukua kwanza sehemu zote nzima, kisha huzirudia zile mbovu taratibu, badala ya kung'ang'ania mkwaruzo wa kwanza hadi kisomea-diski kichoke.

3. Angalia diski ndogo. Baadhi ya kamera za miaka ya 2000 zilirekodi moja kwa moja katika diski ndogo za sentimita 8. Kama diski hiyo haikufungwa rasmi na kamera yake baada ya kurekodi, kompyuta inaweza kuiona kama tupu. Usiitupe. Itafute kamera yenyewe, au ya aina hiyohiyo, uifunge. Na usiingize diski ndogo katika kisomea-diski cha mwanya kisicho na trei, kwani inaweza kukwama.

4. Fungua nakala katika HandBrake. Ielekeze kwenye folda ya VIDEO_TS, siyo kwenye faili moja la VOB. Hapo programu itasoma IFO na kuunganisha vipande vyote. Kama diski ina sehemu kadhaa, kwa mfano mahari, nikahi na tafrija, utaziona kama mada tofauti.

5. Chagua mpangilio wa mwanzo. Katika orodha ya mipangilio iliyo tayari, anza na “Fast 576p25”. Herufi na tarakimu hizo zina maana ya picha yenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo DVD yetu. Usichague 1080. Kukuza picha hakuongezi kilichokosekana. Kunaongeza ukubwa wa faili tu.

6. Weka ubora. Katika sehemu ya video chagua H.264 na njia ya ubora usiobadilika. Namba ya RF kwa video za ukubwa wa DVD huwa kati ya 18 na 22. Hapa wengi hukosea, kwa sababu namba ndogo ndiyo yenye ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa makadirio, ukiongeza namba kwa 6, faili hupungua kufikia nusu. Mimi hutumia 20, na 18 kwa rekodi za wazee ambazo hazina nakala nyingine.

7. Ondoa meno ya kitana. DVD za PAL nyingi zilirekodiwa kwa ajili ya televisheni za zamani. Kila picha ilikatwa nusu mbili: mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye. Katika kompyuta, mkono unaopunga huonekana umechanwachanwa kama meno ya kitana. Katika sehemu ya vichujio chagua Yadif au Decomb. Kwa ngoma na mchezo wa kasi, chagua pia namna ya “Bob”, ambayo hugeuza nusu hizo kuwa picha kamili 50 kwa sekunde, mwendo ukawa laini.

8. Usiguse umbo la picha. Pikseli za DVD si mraba kamili. Picha ya 720 kwa 576 hutakiwa kuonyeshwa kama 768 kwa 576 au, kwa kamera za picha pana, 1,024 kwa 576. HandBrake hushughulikia jambo hili yenyewe. Ukilazimisha vipimo vyako, maharusi watakonda kupita kiasi.

9. Punguza chembechembe kama zipo. Harusi za usiku zilizorekodiwa kwa mwanga hafifu hujaa chembechembe zinazochezacheza. Kompyuta huzidhania kuwa ni vitu vya maana na kuzipa nafasi kubwa. Kichujio cha “Denoise” katika kiwango chepesi hupunguza faili kwa kiasi kikubwa. Ukikizidisha, nyuso zitakuwa kama za sanamu za nta.

10. Jaribu kipande kidogo. Kabla ya kubana saa mbili nzima, bana dakika mbili za sehemu ngumu kuliko zote, yaani ngoma au ufukwe. Zitazame katika skrini kubwa. Zikipita hizo, zilizobaki zitapita.

Kwa kufuata mpangilio huu, DVD ya saa mbili yenye zaidi ya GB 4 aghalabu huwa faili la kati ya GB 1 na 2, na kwa macho ya kawaida tofauti haionekani. Hiyo ndiyo faida ya H.264, mfumo uliokubaliwa mwaka 2003, ukilinganishwa na MPEG-2. Upo mfumo mpya zaidi wa H.265, wa mwaka 2013, ambao hubana zaidi. Hata hivyo unazielemea kompyuta na simu za zamani, na hizo ndizo zilizo mikononi mwa wengi wa wanafunzi wetu.

Sauti: mahali ambapo mwalimu wa lugha hapaswi kubana

Mafundi wengi hujali picha na kuidharau sauti. Sisi tufanye kinyume chake. Sauti ni sehemu ndogo sana ya faili: kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban MB 58 tu kwa saa nzima. Ukiikata nusu utaokoa MB 29, ambazo hazinunui chochote. Kinachopotea ni kikubwa. Tofauti kati ya s na th, au kati ya z na dh, imo katika mawimbi ya juu ya sauti, na hayo ndiyo ya kwanza kukatwa sauti inapobanwa mno. Mwanafunzi anayetaka kujua kama mzungumzaji wa Rumonge alitamka “dhahabu” au “zahabu” hatapata jibu katika faili la simu. Kwa hiyo tumia AAC ya kilobiti 160, au chagua sauti ya asili inakiliwe ilivyo bila kubanwa tena.

Utajiri wa rekodi hizi uko pia katika msamiati. Katika diski ile ya harusi, mjomba mmoja wa Rumonge na mgeni kutoka Kigoma wanataniana kuhusu kitoweo. Mmoja anasema ndagala, mwingine dagaa; mmoja anasema mukeke, mwingine mgebuka. Samaki ni walewale na ziwa ni lilelile. Mfano mmoja kama huo, ukisikika kwa sauti safi, huwafundisha wanafunzi habari za lahaja na mipaka ya nchi kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Umeme, maji na kusubiri

Kubana harusi moja kwa kompyuta ya wastani kunaweza kuchukua saa moja au mbili, na kwa kompyuta nzee usiku mzima. Pwani yetu umeme hukatika. Faili la MP4 huandikiwa fahirisi yake mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika dakika ya mwisho, faili lote huwa halichezi. Tiba zipo tatu: tumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, bana sura mojamoja badala ya diski nzima, au chagua faili la MKV, ambalo likikatwa katikati kwa kawaida hucheza hadi pale lilipoishia.

Adui wa pili ni maji. Ziwa Tanganyika limepanda sana katika miaka hii, na mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia katika nyumba za watu wa pwani ya Burundi, Rumonge ikiwamo. Diski yenyewe haifi kwa kulowa, lakini tope huikwaruza na ukungu huila karatasi yake. Tena diski za kuchoma nyumbani hutumia rangi maalumu inayofifia kwa joto na mwanga wa jua. Diski iliyokaa dirishani au juu ya redio kwa miaka ishirini iko hatarini hata kama haina mkwaruzo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi hii isingoje likizo ijayo.

Ukimaliza kubana, weka nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ngumu ya nje, na ya tatu mji mwingine kabisa, kwa ndugu au rafiki aliye mbali na ziwa. Nakala yetu ilinusurika kwa sababu ilikuwa Kigoma. Kuhusu kutumiana kwa WhatsApp, usitume kama video, kwa maana programu hiyo huibana tena kwa nguvu. Itume kama hati. Tangu mwaka 2022 inaruhusu hati hadi GB 2. Na diski ya asili usiitupe hata baada ya kufanikiwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Daftari na ruhusa

Faili linaloitwa “VTS_01_1” halimfai mtu. Lipe jina lenye tarehe, mahali na tukio, bila nafasi kati ya maneno, kwa mfano “2006_rumonge_harusi_01”. Kisha andika katika daftari nani anazungumza, ana umri gani, alizaliwa wapi, aliishi wapi, na anazungumza lugha gani katika dakika zipi. Waulize wazee wakati bado wapo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La mwisho ni ruhusa. Diski ya harusi ni mali ya familia, na watu waliomo hawakurekodiwa kwa ajili ya darasa letu. Iko hasa sehemu ya wanawake, ambapo bibi harusi hutiwa hina na kufundwa, na ambapo wenyewe hujifunua kwa sababu hakuna wanaume. Sehemu hiyo haionyeshwi kwa yeyote bila idhini ya waliomo, hata kama Kiswahili chake ni kitamu namna gani. Mimi nilimwomba shangazi, naye akawauliza wenzake. Waliniruhusu nitumie hotuba ya bibi na mazungumzo ya samaki. Zilizobaki nilizihifadhi kwa ajili ya familia, na wanafunzi hawajaziona.

Matumizi darasani

Faili likiwa tayari, kazi za darasani ni nyingi. Gawa hotuba ya dakika tano kwa vikundi vitano, kila kikundi kiandike dakika yake neno kwa neno. Unganisheni kazi hizo ziwe faili la manukuu la aina ya SRT, ambalo ni maandishi ya kawaida yenye namba, muda na sentensi, na linaweza kuandikwa kwa programu yoyote ya kuandikia. Likipewa jina sawa na la video na kuwekwa katika folda moja nayo, VLC itayaonyesha manukuu chini ya picha. Baada ya hapo wanafunzi waorodheshe maneno ya Kirundi na ya Kifaransa yaliyoingia, na wajadili ni wapi mzungumzaji anabadili lugha na kwa nini.

Hitimisho

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, tumekuwa na sherehe na hotuba nyingi kuhusu lugha hii. Ni jambo jema. Lakini Kiswahili cha ziwani kinazungumzwa na watu, na watu hao wanaondoka. Kila mmoja wetu anaporudi nyumbani aulizie sanduku la diski, aazime kisomea-diski, na aanze na moja.

Tulipolimaliza faili la harusi ile nililipeleka Rumonge, tukalicheza kwenye televisheni ya shangazi. Bibi alionekana wazi, hata mikunjo ya mtandio wake. Alipofika pale anapomkemea bwana harusi kwa Kirundi, shangazi alicheka, kisha akanyamaza. Halafu akasema, “Rudisha nyuma kidogo, baba. Mwaka ule sikusikia vizuri alichosema hapo.”